Kuitwa Tena Ukiwa Umeshavaa Kandambili

Jumamosi jioni nilikuwa kituoni na mwenzangu, tunatafuna mihogo ya kukaanga, raketi ziko begini, viatu vya mchezo nimeshavua na kandambili ziko mguuni. Simu ikalia. "Dada, mko wapi? Rudini haraka, mmepita!" Tumepita wapi tena? Kwenye kundi letu la bonanza la vinyoya (badminton) tulicheza mechi tatu, tukashinda moja, tukafungwa mbili. Wa tatu, kwaherini. Kumbe jozi moja iliyokuwa juu yetu ilikuwa na harusi Kigamboni, ikaondoka kimyakimya, na nafasi yake ikatuangukia sisi. Ushindi wa mezani, kama wasemavyo watu wa soka.

Tulirudi mbio. Tukafungwa 21-8, 21-11, dakika ishirini hazikufika. Waliotufunga hawakuwa wakali kihivyo. Mimi ndiye sikuwepo. Mwili ulikuwa uwanjani, akili ilishafika nyumbani Tabata inaanua nguo. Kuna kinyoya kimoja kilikuja polepole kabisa, kimeshanyofoka unyoya mmoja, kinayumba hewani kama mlevi, nikakitazama kikitua katikati yetu. Mwenzangu akanitazama, nami nikamtazama. Kila mmoja alidhani ni cha mwenzake.

Usingizi ulikataa, nikawasha simu nikaanza kuwatafuta Warusi wawili ambao kwa miaka mingi nimewasema vibaya: Valeria Sorokina na Nina Vislova, medali ya shaba, Olimpiki ya London 2012, wawili wawili kwa wanawake. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanaosema ile medali waliiokota. Nilisema hivyo hata mbele ya watoto ninaowafundisha siku za Jumapili, na sasa naona haya.

Kwa asiyekumbuka. Mwaka ule ndiyo mara ya kwanza Olimpiki kuweka makundi kwenye vinyoya. Jozi 16, makundi manne, wawili wa juu wanaingia robo fainali. Sorokina na Vislova walipangwa kundi la moto: Wang Xiaoli na Yu Yang wa China, jozi iliyokuwa namba moja duniani, kisha Jung Kyung-eun na Kim Ha-na wa Korea Kusini, halafu Alex Bruce na Michelle Li wa Kanada. Warusi wakawafunga Wakanada, wakafungwa na China, wakafungwa na Korea. Wa tatu. Mechi moja wameshinda, mbili wamepoteza. (Ndiyo, hesabu ileile ya kwetu, ndiyo maana nimewakumbuka.)

Kisha ikaja jioni ya tarehe 31 Julai pale Wembley Arena. Wachina na Wakorea wa kundi lile walikuwa wameshafuzu wote, wanacheza kuamua nani wa kwanza nani wa pili. Lakini siku hiyohiyo jozi nyingine ya China, Tian Qing na Zhao Yunlei, ilikuwa imefungwa na Wadenmark na kushika nafasi ya pili kundini kwake. Maana yake, Wang na Yu wakiongoza kundi, wangewekwa njia moja na wenzao na kukutana nao kabla ya fainali. Kwa hiyo wakaamua kufungwa. Wakorea nao hawakuutaka ushindi huo.

Hiyo mechi nimeirudia usiku ule, na kwa anayecheza vinyoya inauma kuitazama. Mchezo wa wanawake wawili wawili ndio unaojulikana kwa mipigo mirefu: kinyoya kinakwenda na kurudi mara 30, 40, mpaka mikono inawaka. Pale, mpigo mrefu kuliko yote ulikwenda mara nne. Mchezaji namba moja duniani anaanzisha, kinyoya kinaingia kwenye wavu. Anaanzisha tena, wavu. Watu wakazomea, mwamuzi mkuu akaingia uwanjani kuwaonya, hakuna kilichobadilika. Wakorea "wakashinda" 21-14, 21-11. Baadaye jioni ileile jozi nyingine ya Korea na jozi ya Indonesia zikafanya mchezo uleule, hadi mwamuzi mkuu akatoa kadi nyeusi, ile ya kumfukuza mchezaji, kisha akairudisha mfukoni.

Kesho yake, tarehe 1 Agosti, jozi zote nne zikafukuzwa mashindanoni kwa kutojituma kushinda na kuudhalilisha mchezo. Lawama kwa wachezaji nazikubali, ila nusu yake naipeleka kwa waliopanga ratiba. Ukitengeneza mlango ambao anayefungwa anapita kirahisi kuliko anayeshinda, usishangae watu wakiupitia. Shirikisho la dunia lenyewe lililiona hilo, likabadilisha utaratibu: siku hizi wanaoshika nafasi ya pili kundini wanapangiwa wapinzani kwa kura.

Sasa njoo kwa waliokuwa wameshaaga. Nafasi nne zilikuwa wazi, zikachukuliwa na waliofungwa: Urusi, Kanada, Australia na Afrika Kusini. Na robo fainali ilikuwa siku ileile! Kanada walikuwa wamepoteza mechi zao zote tatu. Michelle Edwards na Annari Viljoen wa Afrika Kusini nao vilevile, na ghafla jozi ya Afrika ikawa robo fainali ya Olimpiki, ng'ambo ya wavu wamesimama Sorokina na Vislova.

Hapo ndipo zamani nilikuwa napita haraka. "Aah, walikutana na wanyonge." Jumamosi imenifundisha adabu. Asubuhi wewe ni mtu uliyetolewa. Umeshalia kama wa kulia, umeshawapigia nyumbani. Jioni unaambiwa ingia, cheza kama vile hukutolewa. Na mpinzani wako yuko hivyohivyo, hana cha kupoteza. Mimi nilishindwa kurudisha akili kutoka kituo cha daladala. Wale waliirudisha, wakashinda kwa seti mbili.

Nusu fainali wakawakuta Tian na Zhao, wakafungwa, na Wachina hao wakaenda kutwaa dhahabu. Tarehe 4 Agosti, Jumamosi pia, Warusi wakarudi uwanjani kuwania shaba na Wakanada walewale wa kundini. 21-9, 21-10. Ile ikawa medali ya kwanza ya Urusi katika vinyoya vya Olimpiki.

Na hawakuwa wageni wa kazi hii. Miaka miwili kabla ya hapo, 2010 kule Manchester, Sorokina na Vislova walikuwa mabingwa wa Ulaya, katika bara ambalo Denmark ndiyo iliyozoea kujigawia vikombe. Sorokina amezaliwa 1984, Vislova 1986. Walifika London wakiwa watu wazima wa mchezo. Jozi haitengenezwi kwa wiki mbili. Mkishambulia, mmoja mbele karibu na wavu, mwingine nyuma anapiga. Mkishambuliwa, mnafunguka ubavu kwa ubavu, kila mtu na upande wake. Huko kubadilishana hakuna anayepiga kelele "chako!" kila mara. Unahisi tu mgongo wa mwenzako umehama. Nikiwatazama Warusi wale kwenye video, hakuna kinyoya kinachotua katikati yao huku wakitazamana. Sisi... basi, nimeshasema.

Warusi wengine walifuata kwa njia ya wazi kabisa. Machi 2016, Vladimir Ivanov na Ivan Sozonov walitwaa ubingwa wa All England pale Birmingham, mashindano yaliyoanza mwaka 1899, kwa kuwafunga Wajapani Endo na Hayakawa kwa seti tatu baada ya kupoteza ya kwanza. Hakuna aliyewauliza wameingilia mlango gani. Sorokina na Vislova, ukitaja majina yao, wengi wanakujibu kwa kukusimulia habari za Wachina na Wakorea. Hata mimi hapa, tazama aya ngapi nimewapa wengine.

Na hao waliofukuzwa hawakupotea. Greysia Polii wa Indonesia alirudi akachukua dhahabu Tokyo, 2021, akiwa na Apriyani Rahayu. Ila kinachonisisimua zaidi ni mechi ya kuwania shaba kule Rio 2016. Upande mmoja Yu Yang na mwenzake mpya, upande wa pili Jung Kyung-eun na mwenzake mpya. Wawili waliokataa kufungana pale Wembley, wakasimama tena wavu mmoja, na safari hii kila mmoja anautaka ushindi kwa meno. Mkorea akashinda. Medali aliyoichukua ni ileile shaba, ambayo miaka minne nyuma waliibeba Warusi.

Jumapili niliwaambia watoto kuwa lile neno la "kuokota" nalifuta. Mmoja akauliza kama mimi na mwenzangu tulipata medali. Nikamwambia akalete vinyoya, tuanze.

Leo mchana mwenzangu kaniandikia: "Shoga, siku nyingine mihogo tunakula baada ya fainali." Nimemjibu kwamba hatukuwa kwenye fainali. Kasema ndio maana.