Nimempeleka mama Tanga, tukaitafute baraza ya Barabara ya Nane

Mama hajakanyaga Tanga toka tulipomzika bibi, na hiyo ni miaka kumi na minne sasa, kwahiyo siku aliponiambia ghafla tu jikoni "nipeleke nikauone mji wangu" sikuuliza mara mbili, nikakata tiketi. Tukaondoka stendi ya Magufuli pale Mbezi asubuhi na mapema, yeye kakaa dirishani, kanga kajifunika mabegani sababu ya kiyoyozi. Mpaka Chalinze alikuwa anasinzia, Mkata kalala kabisa. Ila basi lilipofika Segera likakata kulia kuiacha barabara ya Moshi, akafungua macho akakaa vizuri, yaani utadhani kuna mtu kamwita jina lake.

Muheza wakatuzunguka wauza machungwa, akanunua mfuko mzima, mengi kuliko tunavyoweza kula. Toka hapo akawa hanyamazi tena. Anahesabu. Pale palikuwa na mkonge, pale pia mkonge, hapa mkonge ulikuwa unaanzia barabarani mpaka macho yanachoka. Kwa sasa unaona mashamba bado yapo, kuna sehemu mistari imenyooka vizuri kabisa, halafu ghafla pori, halafu nyumba mpya, halafu mkonge mzee uliotoa mlingoti umesimama peke yake katikati ya mihogo ya mtu. Wasioijua hii habari niwaambie kidogo, mkonge sio wa kwetu, aliuleta Mjerumani mmoja Hindorf mwaka 1893, miche elfu moja, ikafika hai 62 tu, ikapandwa huko karibu na Pangani, na kutokana na hiyo 62 Tanganyika ikaja kuwa ya kwanza duniani. Miaka ya 60 katikati tulikuwa tunatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Halafu nailoni ikaingia, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa, na mwisho wa miaka ya 90 tukawa kwenye kama tani 20,000. Mimi hizi namba nilikuwa nazijua kama namba tu. Mama anazijua kama baba yake kuja na mshahara na baadaye kuja bila mshahara.

Tukashuka Kange. Stendi yenyewe alikuwa haijui, enzi zake basi linaingia mpaka Ngamiani na ukishuka tu kuna mtu anakujua. Hapa tukashuka hakuna anayetujua, tukachukua bajaji mpaka Makorora kwa mama mdogo, tukala, tukalala.

Asubuhi akasema twende mjini kwanza, Ngamiani baadaye, nikaona kama anapachelewesha makusudi. Tukaenda bustani ya Jamhuri pale juu ya bahari. Jamani pale pazuri. Upepo, miti mikubwa, mbele yako bandari na kisiwa cha Toten kimekaa katikati ya maji kijani kibichi. Mama akasimama muda mrefu halafu akauliza "matishari yako wapi?" Ikabidi nifikirie. Zamani meli kubwa ilikuwa haisogei gatini, maji mafupi, inatia nanga huko mbali kwenye ghuba halafu matishari ndio yanaenda kushusha mzigo na kurudi, kutwa kucha, na wao watoto walikuwa wanakaa pale ukingoni kuyahesabu. Sasa hivi wamechimba, kina kimetoka mita 3 kimefika 13, gati limeongezwa, meli inakuja yenyewe mpaka ukutani. Nikamwambia mama hilo ni jambo jema, mizigo imeongezeka, vijana wanapata kazi. Akasema najua ni jema. Akaendelea kuangalia kule kwenye ghuba ambako hakukuwa na kitu. Nami kiukweli hapo ndio nikaanza kuelewa kwamba mtu anaweza kufurahia gati jipya na bado akalikosa tishari, vyote viwili vikakaa kifua kimoja.

Katikati ya mji yale majumba ya zamani bado yapo mengi, yale ya ghorofa moja yenye roshani za mbao na nguzo za chini zinazofanya kivuli barabarani, ukitembea saa saba mchana jua halikupigi. Mengi yalikuwa ya Wahindi, na mwaka 1971 serikali ilipotwaa majumba ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakawa chini ya Msajili wa Majumba, wenyewe wengi wakahama. Mama anakumbuka rafiki yake wa darasani ambaye jumatatu moja hakuja shule na hakuja tena. Kuna ukuta mmoja chokaa imebanduka kipande kikubwa nikasogea karibu, ndani unaona mawe ya matumbawe na katikati ya mawe kuna vipande vya kombe za baharini, vyeupe bado. Nikaweka kiganja pale, baridi kabisa na nje jua linawaka. Mlango wa pembeni yake wamepiga tofali za saruji wakaweka geti la chuma, humo ndani joto lake sidhani kama linavumilika bila feni.

Ukivuka reli unaingia Ngamiani, na hapa ndipo mama alipopunguza mwendo. Kwa wageni, Ngamiani mitaa yake ni namba, Barabara ya Kwanza, ya Pili, hivyo hivyo mpaka inapita ya 20, imenyooka kama imepigwa rula, mji wa Waafrika uliopangwa enzi za mkoloni, Wazungu kule Raskazone kwenye upepo, Wahindi katikati, sisi ng'ambo ya reli. Huwezi kupotea. Na ilikuwa ni mitaa ya baiskeli, Tanga na baiskeli havikuachana, mwanamke na buibui lake juu ya Phoenix, kikapu mbele, mtoto nyuma, anagonga kengele taratibu anakusalimia bila kushuka. Baiskeli bado zipo nawaambia ukweli, nilizihesabu mpaka nikaacha, ila bodaboda ndio zenye barabara sasa na baiskeli zinajibana pembeni.

Barabara ya Nane mama akawa anatembea anatafuta baraza. Hatafuti nyumba, anatafuta baraza. Nyumba zetu za kule zote zilijengwa hivyo, mlango katikati, ukumbi unaopitiliza mpaka uani, vyumba huku na huku, na mbele kabisa baraza ya saruji inayokaliwa kuanzia alasiri. Hiyo ndio ilikuwa sebule, na ilikuwa sebule ya mtaa mzima. Taarabu za vikundi vya Black Star na Lucky Star zilisikilizwa pale kwenye redio moja ya mtu mmoja. Na mpira nao, baraza hii ya mashabiki wa Coastal Union, ile ya kule ya African Sports, unajua kabisa ukae wapi. Mgonjwa anatolewa alfajiri anakaa pale apate hewa na kila anayepita anamjulia hali, kwahiyo hakuna mtu aliyeumwa peke yake.

Sasa hivi zimeliwa na fremu. Mwenye nyumba anahitaji hela, anasogeza ukuta mbele juu ya baraza yake mwenyewe, anagawa fremu mbili au tatu, moja ya M-Pesa, moja saluni, moja ya vipuri vya bodaboda. Simlaumu hata mmoja. Viwanda vilipofungwa na mkonge ulipolala watu walibaki na nyumba tu, na nyumba haitoi chakula mpaka uikate. Lakini ukitembea mtaa mzima unaona milango ya chuma na migongo ya watu, hakuna uso unaoangalia nje.

Baraza moja tukaikuta nzima. Wazee wanne, bao katikati, birika la kahawa chini. Mama akapiga magoti kidogo, "shikamooni wazee wangu." Marahaba. Mkubwa wao akamkazia macho, "we mtoto wa nani?" Mama akataja. Yule mzee akaacha kete mkononi, "mtoto wa yule bibi wa vitumbua wa pale konani? Si mliondoka?" Tukakalishwa, kahawa ikaja, na stori ikafunguka kama bomba. Mmoja anasema mji ulikuwa safi, mitaro inafagiliwa, saa ya treni unaijua kwa honi, mshahara wa katani ukitoka mji mzima unanukia samaki wa kukaanga. Na mwaka 1988 Coastal walipochukua ubingwa watu walilala kwenye baraza hizi hizi. Wa pili anaitikia, kweli kweli. Lakini kuna mzee mwembamba kwenye kona alikuwa kimya muda wote, akasema "msimdanganye huyu mtoto. Ulikuwa safi kule. Mimi nimebeba marobota ya katani mgongoni, Raskazone nilikuwa napita na barua ya bwana mkubwa, sina barua sipiti. Mji naupenda, lakini semeni wote." Wakanyamaza. Mwenzake akamjaza kahawa bila kusema kitu. Nilimpenda sana yule mzee, nami ndio nataka hayo yote yasimuliwe hivyo, pamoja na barua yake.

Kisha akasema jambo ambalo mama amelirudia mara nyingi toka turudi. Alisema kinachomuuma sio majumba, majumba hata wao walibomoa ya makuti wakaweka bati wakafurahi. Kinachomuuma ni kwamba zamani ukitoka nyumbani unaanzia barazani, unasalimia, unasalimiwa, ndio unaingia njiani. "Sasa mtu anatoka mlangoni yuko barabarani hapo hapo."

Nyumba ya bibi tukaipata kwa kuhesabu toka konani. Iliuzwa zamani. Mbele fremu mbili, moja imefungwa, moja kijana anauza vifaa vya simu. Mkungu uliokuwa mbele umekatwa, kisiki pia hakuna. Mama akasimama pale hana la kusema, mimi nikawa namwambia basi tuondoke mama, jua. Hajibu. Anaangalia chini. Kizingiti cha ile fremu ni kipande cha baraza ya zamani, hawakukivunja, walijengea juu yake, saruji nyeusi imelainika kama sabuni. Na ukingoni pale kuna vishimo. Vidogo, kama vya kuwekea kete za bao lakini havina mpangilio, viwili hapa, vitano pale, kimoja kirefu peke yake.

Mama akachuchumaa akaweka kidole kwenye kile kirefu. "Tulikuwa tunapasulia kungu hapa," akasema. Kungu likidondoka unaliweka kwenye shimo lisiteleze, unaligonga na jiwe, unatoa kile kiini cheupe unakula. Watoto wa nyumba hii na wa nyumba za jirani, miaka na miaka, jiwe juu ya saruji. Kila mtoto na shimo lake, na hili refu lilikuwa la kaka yake aliyefariki.

Yule kijana akatoka kaunta kuja kuangalia kuna nini. Akasema shikamoo mama, akasema yeye alidhani fundi ndio aliharibu, na alishanunua vigae, boksi lipo hapo ndani, wikiendi hii alitaka kuziba pale pawe pazuri kwa wateja. Mama akamwambia ni duka lako mwanangu, ziba tu. Yule kijana akachuchumaa naye, akajaribu kidole chake kwenye shimo moja, akauliza "kungu ndio tunda gani?"

Mama akakaa pale pale chini kwenye kizingiti, mgongo kaegemeza fremu, miguu kainyoosha barabarani, akaanza kumwelezea. Kijana akaleta stuli, mama akaikataa. Bodaboda zinapita, baiskeli moja ikapita, mama wa makamo mwenye kikapu, akagonga kengele akasema "hamjambo hapo barazani?" na mama akaitikia kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo Dar, "hatujambo, karibu!"