Vidole viwili na nusu ya malipo iliyopotea

Kazi yangu hapa Marekani ni kusoma ripoti za madaktari wa upasuaji na kuzigeuza kuwa namba ambazo kampuni za bima hulipia. Nikiwaeleza watu wa nyumbani huniuliza, "Kwa hiyo wewe ni daktari au mhasibu?" Si huyu wala si yule.

Faili moja ilinitoa jasho. Mama wa watu, gegedu za vidole zimesagika, daktari akaunganisha mifupa ya kiungo kilicho karibu na ukucha kwenye kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia. Akaikaza kwa skrubu. Vidole havikunjiki tena hapo, lakini maumivu yanaisha.

Kiungo cha kwanza ni 26860. Cha pili hakirudii namba hiyo, kina yake, 26861, ambayo ni namba ya nyongeza, yaani haiwezi kudaiwa peke yake. Skrubu na waya zimo humo humo. Ukizidai kando unajitafutia kukataliwa. Kisha kila kidole kina alama: shahada ya kulia F6, cha kati F7. Hapa ndipo wengi huteleza, maana daktari akiandika "kidole cha pili" hujui kama amehesabu na gumba. Alama zenyewe huanza na gumba. Nilimwandikia daktari athibitishe kwanza, ndipo nikatuma dai, na ugonjwa nikaujaza kwa namba yake, M19.041, yaani kusagika kwa viungo vya mkono, wa kulia pia.

Bima ikalipa 26860 yote na 26861 nusu. Wakasema upasuaji wa pili katika kikao kimoja hupunguzwa. Kanuni hiyo ipo kweli, ila haizigusi namba za nyongeza: bei yake ilipangwa chini tangu mwanzo, kwa kuwa mgonjwa yuko mezani tayari na ameshaandaliwa. Hapo walikuwa wanakata kilichokwisha kukatwa.

Dada aliyepokea simu alinisikiliza kwa adabu, akasema mfumo ndio umeamua. Ningebishana naye ili iweje? Nikaandika rufaa ya ukurasa mmoja, nikaambatanisha orodha ya namba za nyongeza iliyo katika Kiambatisho D cha kitabu cha CPT, ndicho kitabu cha namba hizi za upasuaji na matibabu, pamoja na ripoti ya upasuaji niliyoipigia mstari kila palipotajwa kidole. Malalamiko sikuweka hata neno. Anayesoma rufaa ana rundo mbele yake, anatafuta ushahidi tu.

Nusu iliyobaki ikalipwa.

Katikati ya hayo nikakuta mama ametumiwa bili ya kutolewa nyuzi. Niliifuta siku hiyo hiyo, maana mahudhurio ya kawaida ya kufuatilia kidole kwa siku 90 baada ya upasuaji huu yamo ndani ya malipo yake. Picha za eksirei ndizo hudaiwa kando. Kama nawe umefanyiwa upasuaji wa aina hii, angalia tarehe kwenye bili kabla hujatoa pesa.

Barua ile bado ninayo. Dai likirudi limekatwa hivyo, nabadilisha jina, tarehe na vidole, natuma.