Joto la ukuta wa mawe: kwa nini hesabu ya kurudi nyuma hulipuka

Ukiwa na joto la nje ya nyumba ya mawe hapa Lamu, saa baada ya saa, mlinganyo wa joto, yaani hesabu ya jinsi joto linavyosambaa, utakupa la ndani bila taabu. Geuza swali, upime ndani utafute la nje: mlinganyo ni uleule, ila majibu huja ya ajabu. Wengi huilaumu programu. Kasoro imo kwenye swali lenyewe.

Kufuatia kazi aliyoianza mwanahisabati Mfaransa Jacques Hadamard mwaka 1902, swali lililokaa sawa hudaiwa mambo matatu: jibu liwepo, liwe moja tu, na kosa dogo la vipimo lizae kosa dogo la jibu. Hili la tatu ndilo linalovunjika ukutani.

Chukua ukuta wa sentimita 50, mawe ya matumbawe na chokaa, na tukadirie usambaaji wa joto (kipimo cha wepesi wa joto kupenya ukuta) kuwa mita mraba 0.000001 kwa sekunde. Wimbi la joto la saa 24, yaani kupanda na kushuka kwa joto kunakojirudia kila saa 24, hupungua mara 2.718 (namba e ya hisabati) kila sentimita 16.6. Likifika ndani limebaki sehemu moja ya 20, tena limechelewa saa 11 na nusu. Jua la alasiri hufika chumbani usiku wa manane. Wimbi la saa 1 hupungua hivyo kila sentimita 3.4, kwa hiyo kulirudisha nje ni kuzidisha kwa milioni 2.6. Kosa la nyuzi 0.01 kwenye kipimajoto linakuwa nyuzi 26,000!

Hapo mtu hukimbilia kupima kila dakika 5. Anazidisha balaa, maana vipimo vya kila dakika 5 hunasa hata wimbi la dakika 10, ambalo huzidishwa zaidi ya mara trilioni elfu. Tusichanganye na vurugu za utabiri wa hali ya hewa, ambako kosa dogo la leo huharibu utabiri wa siku za mbele: kule kosa hukua kwa kasi yenye mpaka, hapa kadiri wimbi linavyofupika ndivyo kosa linavyokua, bila kikomo.

Dawa ni kuyatenganisha mawimbi kwa njia ya Fourier (hisabati ya kugawa vipimo kuwa mawimbi ya muda mbalimbali) kabla ya kurudi nyuma, kisha kuyatupa mafupi. Kwa kipimajoto hicho, wimbi la saa 24 litakuwa na kosa la nyuzi 0.2, la saa 12 nyuzi 0.7, la saa 8 karibu nyuzi 1.9. Mimi ningekomea saa 12.

Wingu lililofunika jua nusu saa halitaonekana. Ukilihitaji, chimbia kipimajoto cha pili sentimita 5 kutoka uso wa nje. Hapo wimbi la saa 1 hupungua mara 4.4 tu.