Nyeupe juu ya nyeusi

Ukitaka kumjua fundi wa serigrafi, yaani anayechapa nguo kwa kusukuma wino kupitia wavu, mpe tisheti nyeusi na wino mweupe. Hapa Lubumbashi hatuwezi kuikwepa kazi hiyo, maana nyeusi na nyeupe ni rangi za TP Mazembe, timu yetu ya soka. Makundi ya mashabiki wa mitaa ya Kamalondo, Kenya na Katuba wanakuja atelye kuagiza tisheti zao: jina la mtaa, kunguru ambaye ndiye jina la utani la timu, na mwaka. Wapo ambao hadi leo wanataka 2010, mwaka timu yetu ilipocheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu kule Abu Dhabi.

Wino mweusi juu ya nguo nyeupe unasamehe. Mweupe hausamehi, kwa sababu lazima ufiche kabisa kitambaa kilicho chini. Ukiwa mwembamba, kunguru anatoka kijivu. Ukizidi, kifua kinakuwa kigumu kama kartoni na baadaye kinapasuka. Mimi natumia wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita, ambao matundu yake yanapitisha wino wa kutosha, na nauvuta kwenye fremu mpaka ukiugonga kwa kidole unalia. Wavu uliolegea unaharibu kila kitu kinachofuata.

Napitisha rakleti, ubao wenye ukingo wa mpira unaosukuma wino, mara ya kwanza, nakausha kwa joto kidogo mpaka wino usinate kidoleni, halafu narudia palepale. Tisheti haitoki mezani katikati ya mara hizo mbili. Ikisogea milimita moja tu, kila herufi inapata kivuli, na jicho la shabiki linakiona akiwa ng'ambo ya barabara.

Halafu kuna moto wa mwisho, na hapa siogopi kugombana na mteja. Wino wa plastisoli, ule wa plastiki ninaoutumia, unaiva ukifika joto la karibu nyuzi 160 za Selsiasi, na joto hilo lazima lishuke mpaka chini, pale wino unaposhikana na uzi. Juu ukiugusa unaona umekauka. Chini bado mbichi. Nguo inafuliwa mara chache, kunguru anabaki ndani ya beseni. Mama mmoja alikuja umeme umekatika, akaniambia, "Tata, mechi ni kesho, nipe tu hivyo." Nikamwambia, "Hapana mama, hizi hazijaiva." Tukaomba jenereta kwa jirani, akangoja hadi usiku, akaondoka na tisheti zilizoiva.

Kiangazi kinaleta vumbi jekundu, nalo likitua kwenye emulsheni, dawa tunayopaka kwenye wavu kuziba pasipotakiwa wino, kabla haijakauka, linaacha vitundu vidogo ambavyo wino unapita bila ruhusa. Naviziba kimoja kimoja kwa brashi, fremu nikiwa nimeielekeza dirishani.

Siku hizi wengi wananiletea tisheti za poliesta kwa sababu bei yake ni nafuu. Nguo za namna hiyo zikipata moto mkali, rangi yake inapanda na kuingia ndani ya wino: juu ya nyekundu, nyeupe yako inageuka waridi. Kwa hiyo kabla ya kukubali kazi, nachomoa uzi mmoja nauchoma kwa kiberiti. Pamba inaungua na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kipunje kigumu. Mteja akitaka poliesta hata hivyo, natafuta wino wa joto la chini, namwambia bei yake mapema, naye anaamua.