Nilivyotoa kromiamu kwenye maji kwa unga wa titani na jua la Dar

Wadogo zangu wa chuo wanaofanya project za maji wananiuliza sana hii kitu, naandika hapa mara moja niwe natuma link. Nilitaka kuondoa kromiamu sita kwenye maji kwa kutumia chembe nano (ndogo mno, hazionekani kwa macho) za titani dioksidi na jua la juu ya paa, na nimeweza, na nasema kwa fahari kabisa maana ushauri mwingine niliopewa njiani ungenifanya niandike ripoti ya uongo bila kujua.

Kromiamu sita ndiyo ile ya njano inayotoka kwenye maji ya kusuuzia vyuma vilivyochovywa kromu. Inayeyuka vizuri, haizami, na inasababisha kansa. Kromiamu tatu ni ndugu yake lakini ukiiweka kwenye maji ambayo si asidi inaganda na kukaa chini. WHO wanataka kromiamu yote kwenye maji ya kunywa isizidi mikrogramu 50 kwa lita. Kwa hiyo kazi nzima ni kuipa hiyo sita elektroni tatu iwe tatu, halafu unaichuja. Na titani dioksidi ni semikondakta, yaani inapitisha umeme ikichokozwa tu, ikipigwa na mwanga wa UV (ule wa jua usioonekana) wa nanomita 387 kushuka chini, elektroni inaruka juu inaacha shimo nyuma, elektroni ndiyo unaitaka. Jua lina UV asilimia 5 hivi tu, lakini kwa jua la Dar saa sita mchana inatosha, usidanganywe kwamba lazima taa ya bei mbaya.

Sasa unga. Kuna mtu aliniambia kwa uhakika kabisa nenda kanunue titani ya kutengenezea rangi za nyumba, kilo bei chee, ni kitu kilekile. Sio kitu kilekile!! Titani dioksidi ina maumbo ya fuwele tofauti, mawili kati yake ni rutile na anatase. Ya rangi kwa kawaida ni rutile, chembe zake kubwa, na kiwandani wanaipaka silika au alumina makusudi ISIFANYE kazi kwenye jua, maana ingefanya kazi ingekula rangi ya ukuta wako. Niliijaribu kwa heshima tu, maji yakabaki njano vilevile. Tafuta ile inaitwa P25, chembe za nanomita 21 hivi, mchanganyiko wa anatase na rutile, gramu moja ina eneo la mita za mraba 50 hivi. Ni ghali ukilinganisha, ila unatumia gramu moja kwa lita, kopo dogo linakwenda muda mrefu. Kilichonila hela zaidi ni difenilikabazaidi ya kupimia, ile inayogeuka zambarau ikikutana na kromiamu sita, laki na kitu kwa kichupa. Vaa barakoa ukipima unga, na glavu muda wote ukishika kromiamu.

Hapa ndipo penyewe, someni vizuri. Niliweka chupa mbili sawasawa, miligramu 10 kwa lita, asidi hadi pH 3 (pH ni kipimo cha asidi, chini ya 7 ni asidi), unga uleule, moja juani nyingine nimeifunga foili. Ya juani ikashuka. Lakini ya gizani nayo ikashuka! Sio kama ya juani, ila imeshuka ya kuonekana kwa macho. Jamaa mmoja aliyenitangulia masomo akafurahi sana, akasema andika kwamba unga wako unafanya kazi hata bila mwanga, hiyo ni matokeo mazuri zaidi. Nikakataa. Elektroni imetoka wapi bila mwanga? Nilikaa nalo hilo usiku mzima, mpaka nikakumbuka suala la chaji. Kwenye maji ya asidi uso wa titani unakuwa chanya, na kromati, yaani kromiamu sita ilivyo ndani ya maji, ni hasi, lazima zishikane. Na chaji ya titani inapita sifuri kwenye pH 6 hivi, ukipanda juu ya hapo uso unakuwa hasi nao, unaisukuma kromati. Basi nikachukua chupa ya gizani, humohumo gizani, nikadondoshea kostiki soda polepole mpaka pH 9 na kidogo, nikatikisa, nikazungusha kwenye sentrifuji. Jamani! Njano yote ikarudi, nikapima, karibu kila kitu nilichoweka kipo. Yaani haikubadilika hata kidogo, ilikuwa imening'inia tu kwenye unga kama nguo kwenye kamba. Nikafanya vilevile kwa chupa ya juani, maji yakabaki meupe pee, na unga chini una kijivu cha kijani, hiyo ndiyo kromiamu tatu. Nilipiga kelele maabara nzima ikageuka. Toka siku hiyo kila sampuli yangu inapita kwenye kostiki kwanza ndipo naipima, na mtu akinionyesha grafu ya kromiamu inashuka bila hicho kipimo siiamini. Ila usipandishe pH kupita 12, hidroksidi ya kromiamu itaanza kuyeyuka tena ikuchanganye. Na kabla ya difenilikabazaidi rudisha asidi, bila asidi zambarau haiji.

Jambo la pili ni shimo. Elektroni ikiruka na shimo likakaa tupu, zinarudiana na mwanga wako umepotea bure, lazima uweke kitu kinachoshughulisha shimo. Dada mmoja akanishauri maji ya limao, eti asidi ya sitriki ya bure. Njano ikaisha haraka mno, watu wanapiga makofi. Mimi nikamimina limao kwenye chupa ya kromiamu isiyo na unga, nikaifunga foili, nayo njano ikaisha! Vitamini C ya limao inabadilisha kromiamu yenyewe, haihitaji titani wala jua. Sasa hapo ungejuaje nani kafanya kazi? Nikahamia asidi ya sitriki safi ya dukani, juani ikaenda vizuri sana, lakini nilipopandisha pH ili kromiamu tatu izame, haizami, maana sitriki inaikumbatia inabaki imeyeyuka. Umeondoa sumu lakini kromiamu bado imo majini. Asidi ya fomiki ndiyo iliyonitoa. Shimo linaila inakuwa kaboni dioksidi, gizani peke yake haikuigusa kromiamu, na mwisho kila kitu kinazama.

Na kuzama kwenyewe usihangaike na vichujio vya bei. Peleka pH kwenye 7 hivi, unga unapoteza chaji unagandamana, kromiamu tatu inaganda nayo, vinashuka pamoja, ukirudi asubuhi maji ya juu ni safi. Unga ukiuosha kwa asidi nyepesi unarudi mweupe, nimeutumia tena na tena. Yale maji ya kuoshea usimwage, yana kromiamu yote.

Maji halisi ya karakana ya kuchovya vyuma yalichukua muda mrefu kuliko ya maabara, salfeti nyingi inagombania nafasi kwenye unga, na kromiamu ikiwa nzito sana ile njano yenyewe inameza UV kabla haijafika. Niliyazimua kwanza, yakakubali.

Halafu msikimbilie kuahidi metali zote. Zebaki na fedha hizi elektroni zinaziweza. Kadimiamu na zinki haziwezi, nguvu ya elektroni ya titani haifiki huko. Risasi inakwenda njia nyingine kabisa, shimo ndilo linaikamata inakuwa oksidi ya kahawia juu ya unga. Hiyo ndiyo niko nayo sasa.