Siku moja studio Mbeya: kuitoa sauti ya mwimbaji katikati ya magitaa mazito

Saa 1:30 asubuhi. Baridi ya Julai hapa Mbeya haina utani, na kwa studio ni suala la kazi. Gitaa lililokuja kwenye bodaboda alfajiri likiingia chumba chenye joto, nyuzi zinapopata joto hulegea na noti zinashuka. Kwa hiyo magitaa yanatolewa kwenye mabegi na kukaa nusu saa ndipo yatyuniwe. Wakati huo nasikiliza miksi ya jana, yaani wimbo ulio na sauti zote zilizochanganywa, kwa sauti ndogo, kiasi cha watu wawili kuongea bila kupaza. Maneno yakieleweka kwa sauti hiyo, yataeleweka popote.

Wimbo wa leo ni roki: ngoma, besi, magitaa mawili yenye distosheni (mkwaruzo wa sauti) nzito, na mwimbaji mmoja. Mtaani wanasema prodyuza anakaa kwenye kiti na kubonyeza kompyuta. Kazi yenyewe ni kugawa nafasi, na inachosha kichwa kuliko wanavyodhani.

Saa 3, tunarekodi beti la mwisho. Mwimbaji amekunywa maji ya uvuguvugu. Maiki iko sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kichujio cha pumzi katikati. Mablanketi mawili mazito yametundikwa nyuma yake, kwa sababu maiki inasikia upande wa mbele, na mwangwi unaoingia ni ule unaogonga ukuta ulio mgongoni mwa mwimbaji. Akisogea hadi sentimita 5, besi ya sauti yake inavimba, na huo uvimbe ndio utakaogombana na magitaa baadaye. Sauti inapofika juu kabisa naiacha karibu na desibeli -10, yaani desibeli 10 (kipimo cha ukubwa wa sauti) chini ya kikomo cha kurekodi. Lori la barabara ya Zambia likipiga honi, mstari unarudiwa.

Saa 5 ni kusafisha pumzi, kuunganisha vipande vizuri, na chai.

Saa 6 mchana ni zamu ya magitaa, na hapa ndipo miksi inapopona au kufa. Maneno ya mwimbaji hueleweka zaidi kati ya hetsi 2,000 na 5,000 (hetsi ni mitetemo kwa sekunde, ndiyo kipimo cha masafa ya sauti), na distosheni imejaa palepale: inazalisha masafa mengi ya juu, halafu inalibana gitaa hadi halipandi wala kushuka. Ukipandisha sauti ya mwimbaji peke yake, anasikika kama amebandikwa juu ya wimbo na bendi imebaki nyuma. Magitaa ndiyo yanayotakiwa kusogea.

Gitaa moja linakwenda kushoto kabisa, la pili kulia kabisa. Katikati panabaki kwa mwimbaji, kiki (ngoma kubwa ya mguu), sneya (ngoma ndogo kali) na besi. Chini ya hetsi 100 nakata kwenye magitaa yote. Kati ya 200 na 400 napunguza desibeli 2. Kisha nayaunganisha kwenye chaneli moja ya kundi na kuweka ikwaliza, kifaa cha kupandisha au kushusha masafa fulani, inayoisikiliza chaneli ya mwimbaji: akiimba, magitaa yanashuka desibeli 2 au 3 karibu na hetsi 3,000, akinyamaza, yanarudi. Msikilizaji hagundui kilichopungua. Anachosikia ni maneno.

Sauti yenyewe inapita kompresa mbili, vifaa vya kubana sauti inayoruka juu. Ya kwanza ni ya haraka, uwiano wa 4 kwa 1 (kila desibeli 4 zinazovuka kikomo zinabaki 1), inakamata miruko ya desibeli 3 hadi 5. Ya pili ni ya polepole, 2 kwa 1, inachukua 2 au 3. Ukiibebesha moja kazi yote, sauti inakabwa na kukosa uhai. Riverbu (mwangwi wa chumba) ndefu siiweki, inamrudisha mwimbaji nyuma. Naweka dilei, yaani sauti inayojirudia baada ya muda mfupi. Wimbo una mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, nachukua nusu yake, 250, na kuikata chini ya hetsi 300 na juu ya 5,000 ili marudio yasiyafunike maneno.

Saa 8 anaingia mpiga solo.

"Prodyuza, gitaa langu limekonda."

"Kaka, lisikilize pamoja na besi."

Hasikilizi. Anabonyeza kitufe cha kulisikiliza peke yake, na kweli, peke yake limekonda. Lazima likonde, maana unene aliouzoea kwenye spika yake nyumbani unakaa kwenye nafasi ya besi. Anaomba chini pafunguliwe. Nafungua, besi inapotea. Anaomba besi ipandishwe. Sasa kiki haisikiki. Kiki ikipanda, limita ya mwisho, kifaa kinachozuia sauti kuvuka kikomo, inaanza kubana wimbo mzima, na wa kwanza kuzama ni mwimbaji. Tumezunguka hivyo hadi saa 10 na ushei, umeme ukakatika, UPS, betri ya dharura, ikanipa muda wa kuhifadhi kazi tu.

Umeme uliporudi nikaweka matoleo mawili, lake na langu, yote kwa kiwango kimoja cha sauti. Hilo ni muhimu mno, kwani sikio hupenda kilicho juu zaidi hata kama ni kibaya. Nikamwomba aandike maneno ya kiitikio kwa kila toleo. La kwake alikwama mstari wa pili. Tukarudi kwenye langu, nikamwongezea desibeli 1.5 kwenye solo, pale mwimbaji amenyamaza. Hiyo ni haki yake.

Giza limeshaingia na masikio yamechoka, ila kazi ya mkono bado: kupandisha na kushusha sauti silabi kwa silabi. Mwanzo wa neno ndio unaomezwa na magitaa. Kifaa cha kupunguza ukali wa "s" kikizidi, "sitarudi" inasikika "nitarudi" na wimbo umegeuka. Nimekilegeza, nikapandisha silabi hiyo desibeli 2.

Kisha nasikiliza kwa spika moja tu, kwa mono (kushoto na kulia vimeunganishwa), halafu kwa simu. Kwenye mono magitaa ya pembeni yanarudi katikati kumfuata mwimbaji. Maneno yakibaki, miksi imesimama. Natoa faili tatu za WAV (sauti isiyobanwa) za biti 24: ya kawaida, yenye mwimbaji juu kwa desibeli 1, na ya ala tupu. Bendi itachagua kesho asubuhi, kwa masikio mapya.