Ile haikuwa harufu ya soksi

Mimi ni fundi wa injini za dizeli hapa Kizota, Dodoma, na ndege si mambo yangu. Zamani Dar nilikuwa naenda kwa basi, na tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024 basi nimelisahau. Ila mwezi uliopita Scania ya mteja wangu mmoja ilizimika karibu na bandari ikiwa na mzigo wa watu, akachanganyikiwa, akanikatia tiketi ya ndege kwenda na kurudi. Nikaenda na sanduku la spana, nikalilipia kama mtu mzima.

Kwenda hakukuwa na neno. Siku ya kurudi tumeshafunga mikanda, pangaboi la upande wangu likaanza kuzunguka, na harufu ikaingia. Mama aliyekaa pembeni yangu akavuta mtandio puani: "Kuna mtu kavua viatu." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kweli ilifanana na soksi zilizoshinda ndani ya buti wiki nzima ya masika, lakini chini yake palikuwa na kitu ninachokijua. Miaka ishirini na mbili nafanya kazi kwa pua. Maji ya rejeta yakivuja yananukia utamu kama sukari inayoungua. Klachi ikiungua inakwaruza koo. Oili iliyopikwa kwenye chuma cha moto ina harufu yake, haichanganyiki na nyingine.

Nikamwita mhudumu. "Dada, hii ni oili."

"Ni kawaida, baba. Injini ikipata moto inaisha."

Na kweli iliisha. Ikarudi rubani alipopunguza nguvu ili tushuke Dodoma, kama dakika tano hivi, halafu basi. Kichwa kilinibana hadi magharibi, kama nimevaa kofia ya mtoto. Mke wangu anasema ilikuwa njaa. Inawezekana, maana tangu asubuhi nilikuwa na chai tu.

Kijana wangu wa gereji ndiye aliyeniuliza swali lenyewe: "Mzee, kwani hewa ya ndani ya ndege inaingilia wapi?" Nilidhani kuna feni mahali. Tukakaa na simu yake hadi usiku. Kumbe katika ndege nyingi hewa tunayovuta abiria inachotwa kwenye injini yenyewe, kwenye sehemu ya kompresa, kabla haijafika panapochomwa mafuta. Inatoka imebanwa na ina moto mkali, inapoozwa, inaletwa kichwani kwako.

Nilipoona mchoro nikasema, hii si turbo hii? Turbo ya Fuso ina shafti inayolazwa kwenye oili, na sili ndiyo inayozuia oili isiingie upande wa hewa. Sili ikichoka, chomoa hozi ya kwenda intakula, kile kipoza hewa, tia kidole, kitoke cheusi kinateleza. Injini ya ndege nayo ina beringi na sili, na sili zake nyingi zinategemea msukumo wa hewa ili zibane vizuri. Msukumo ukibadilika, wakati wa kuwasha au wa kupunguza nguvu, ndipo oili kidogo inapopenya. Nikakumbuka harufu ilikuja saa ngapi. Wakati wa kuwasha, na wakati wa kushuka. Tofauti ni kwamba Fuso ikinywa oili yake inatoa moshi wa bluu barabarani. Huku tunaivuta sisi.

Utaambiwa kuna chujio. Lipo, katika ndege nyingi kubwa, na kwa vumbi na vijidudu linafanya kazi nzuri sana. Lakini linachuja ile hewa inayozungushwa humohumo ndani, na mvuke halishiki. Ni kama kitambaa cha kuchujia togwa: pumba zinabaki, harufu inapita.

Oili ya injini za ndege kwa kawaida huwekwa dawa ya kuzuia chuma kisisagane, inaitwa trikresili fosfeti. Ndugu yake mmoja wa karibu, kemikali ya ukoo huohuo, aliingia kwenye kinywaji huko Marekani mwaka 1930, maelfu ya watu wakapooza miguu. Nisikutishe: oili za siku hizi zimepunguzwa sana ile aina mbaya, na kiasi kinachofika ndani ya ndege kwa kawaida ni kidogo mno. Waingereza walipima hewa kwenye safari 100, ripoti ikatoka 2011, viwango vikaonekana viko chini ya mipaka. Wataalamu bado wanabishana kama maradhi wanayolalamikia marubani na wahudumu, kutetemeka, kusahau, uchovu usioisha, yanatokana na hewa hiyo. Lakini Australia mhudumu mmoja alishtaki kwa moshi alioupumua ndani ya ndege mwaka 1992, akashinda, na mwaka 2010 mwajiri akanyimwa nafasi ya kukata rufaa ya mwisho. Na Boeing 787 imetengenezwa ichukue hewa moja kwa moja kutoka nje kwa kompresa za umeme, bila kupitia kwenye injini. Kwa hiyo njia nyingine ipo.

Kinachoniudhi mimi ni kipimo. Lori langu bovu kuliko yote lina geji ya oili. Ndege nyingi hazina kifaa ndani cha kumwambia rubani kwamba hewa imeingia oili. Wanategemea pua, na pua ikizoea hainusi tena. Yule dada anapanda na kushuka mara ngapi kwa siku? Mimi nilipata kichwa kimoja nikalala.

Jumatatu nikaenda ofisini kwa wenye ndege, hapa hapa mjini. Binti wa kaunta akanipokea vizuri, shikamoo na kiti, akauliza mzigo wangu umepotea? Nikasema hapana, nimekuja kwa ajili ya harufu. Akanipa fomu. Ina visanduku: mzigo kupotea, mzigo kuharibika, kuchelewa, huduma mbaya, mengineyo. Nikaweka tiki kwenye mengineyo. Mstari uliobaki ulikuwa mmoja, nikaandika: "Angalieni sili za injini ya kushoto."